Jasho la fundi limekauka, ujira uko wapi?



 Ndugu msomaji, leo sitazungumzia siasa za wakubwa wala masaibu ya Umma katika nchi za mbali. Nitazungumzia shilingi laki nne za fundi wa lipu na bati, na mdaiwa wa fedha hizo ni mimi ninayeandika.

Ilikuwa baada ya Alasiri, hapa Kilwa Masoko, katika darsa ninayosomesha kila wiki. Tulikuwa tumefika aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, nayo inahusu deni. Nikafafanua kama nilivyofundishwa chuo kikuu: kwa nini deni liandikwe, kwa nini kuwe na muda maalumu, kwa nini mashahidi. Nikatoa nafasi ya maswali. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, karibu na mlango, akanyoosha mkono.

"Maalim, mtu amefanyiwa kazi ya nyumba, kazi imekwisha, kahamia na analala humo. Fundi hakulipwa. Je, swala anayoiswali ndani ya nyumba ile inasihi?"

Waliohudhuria walicheka kidogo, kwa kuwa swali lilikuwa na utamu wake. Mimi sikucheka. Nyumba aliyoizungumzia ni yangu.

Nilimjibu kifiqhi. Nikasema kuwa ulamaa wametofautiana kuhusu swala katika nyumba ya kuporwa, na kwetu Mashafii inasihi ila mporaji anabaki na dhambi yake. Lakini nyumba hii si ya kuporwa, maana kiwanja ni cha mwenyewe, saruji na bati kanunua mwenyewe. Haki ya fundi haipo ukutani, ipo katika dhima ya mwenye nyumba. Kwa hiyo swala inasihi. Mzee akaitikia, "Nimefahamu, Maalim, Allah akulipe," akakaa. Jibu langu lilikuwa sahihi, na mpaka leo sijaona kosa ndani yake. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Asili ya deni ni hii. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita pwani yetu, mvua ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, na katika nyumba nyingi upepo na maji vilifanya kazi yake. Kwangu mabati ya upande mmoja yaling'oka, kenchi mbili zikavunjika, na lipu ya vyumba viwili ikabanduka kwa unyevu. Nikamwita mzee huyu kutoka Kivinje. Tukapatana kwa mdomo, tukiwa tumesimama uani: ufundi laki tisa, vifaa juu yangu. Nilimpa laki tano kazi ikiendelea. Alipomaliza nikamwambia nne zilizobaki atazipata mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja, nikasema nasubiri ufuta wa shamba la mama. Ufuta ukauzwa, nikasema ada za watoto. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima sikuwahi hata mara moja kumwambia kuwa sitalipa. Nilikuwa namwambia nitalipa, tena kwa Inshaallah.

Katika kipindi hicho hicho nilichanga laki moja na nusu kwenye harusi ya binamu yangu Lindi mjini, nikabadilisha simu, nikatoa mifuko mitano ya saruji msikitini. Mifuko ile ilitangazwa jina langu, na watu wakasema Maashaallah.

Tujiulize: kwa nini mtu asiyethubutu kumdhulumu mwenye duka anaweza kumdhulumu fundi na bado akajiona Muislamu mwema? Nimelifikiria sana jambo hili. Mwenye duka la vifaa hakutoi na mfuko wa saruji mpaka umeweka fedha mezani. Mwenye lori la mchanga hamwagi mchanga kabla hajaona noti. Kampuni ya umeme siku hizi inakuuzia uniti kabla hujawasha taa. Hawa wote wanashika mali yao mpaka walipwe. Lakini fundi anapoutoa mwiko wake ukutani, mali yake tayari imeshahamia kwako. Jasho halirudi mwilini. Hawezi kukupokonya siku kumi na nane za mgongo wake. Kwa hiyo katika foleni ya wanaotudai, wa mwisho kulipwa ni yule aliyetuamini zaidi, na tunamchelewesha kwa sababu hiyo hiyo ya kwamba alituamini.

Kisha tuna lugha yetu ya kujifichia. Mtu akikopa fedha taslimu husema "nina deni". Akidaiwa na fundi husema "kuna hela ya fundi nimemshikia kidogo". Umemshikia! Kana kwamba alikupa amana umtunzie. Katika sheria ya Kiislamu ujira ambao kazi yake imekamilika ni deni kama deni lingine. Tena una uzito wa ziada. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Huraira Hadithi Qudsi inayotaja watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Yuko kundi moja na aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Na ukitazama vizuri utaona ujirani huo una maana: kumtumikisha mtu bila malipo ni kumfanya mtumwa kwa idadi ya siku ulizomtumikisha. Sisi wa Kilwa, ambako biashara ya watumwa ilipita kwa miaka mingi bandarini Kivinje, tulipaswa kuwa wa mwanzo kuelewa maneno hayo.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Anasimulia jinsi Sultani alivyomvulia fakiri mmoja nguo zake mwenyewe. Sultani huyu ndiye anayenasibishwa na Husuni Kubwa pale Kisiwani, jengo la mawe ya matumbawe na chokaa ambalo wataalamu wa mambo ya kale wanaamini halikukamilika. Kila ninapowapeleka wanafunzi kule, hubaki nikitazama yale mawe yaliyochongwa kwa ustadi. Msafiri yule ameandika kuhusu vipawa, lakini kuhusu waashi hakuandika. Simtuhumu Sultani kwa lolote. Nasema tu kuwa mpaka leo ndivyo tulivyo: atoaye hutajwa, na alipaye hakuna anayemtangaza. Mtu akisimama msikitini akasema leo nimemmalizia fundi wangu chake, tutamshangaa. Na ndivyo inavyopasa, kwani hakufanya hisani. Lakini basi na yule anayetoa mifuko ya saruji hali fundi anamdai, anatoa ya nani?

Nimeshasema vya kutosha kuhusu mdaiwa. Suala gumu zaidi ni la mdai. Mzee yule alinisema mbele ya watu, ingawa kwa mafumbo. Je, alikuwa na haki? Na asiponilipia swali langu kwa fedha, nini kingine anaruhusiwa kufanya?

Nilipofika nyumbani jioni ile nilikuwa na hasira, nisiwafiche. Nilijiambia kuwa amenivunjia heshima, mimi mwalimu wake. Nikafungua vitabu nipate hoja dhidi yake. Cha kwanza nilichokumbana nacho ni hadithi iliyopokewa na Bukhari kuhusu mtu aliyemdai Mtume (SAW) ngamia, akaja kudai kwa ukali mpaka Masahaba wakataka kumfanyia jambo. Mtume akawazuia, akaeleza kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaagiza alipwe ngamia bora kuliko wake. Huyo ni Mtume wa Allah, na mimi ni nani? Cha pili ni hadithi katika Sunan Abi Daud, kwamba kuchelewesha kwa mwenye uwezo kunahalalisha heshima yake na adhabu yake. Abdullah bin al-Mubarak ameifasiri heshima hiyo kuwa ni kusemwa kwa ukali, na adhabu kuwa ni kufungwa.

Hata hivyo ruhusa hii ina mpaka wake, na mafundi nao waujue. Imam Nawawi, anapotaja hali ambazo usengenyaji unaruhusiwa, ameanza na aliyedhulumiwa anayepeleka shitaka kwa mwenye uwezo wa kumsaidia. Maana yake unaruhusiwa kumsema aliyekudhulumu kwa dhuluma hiyo tu, na kwa lengo la kupata haki. Huruhusiwi kwenda kijiweni ukaeleza na ulichokiona chumbani mwake wakati ukipaka rangi. Fundi huona mengi ndani ya nyumba za watu. Mzee wangu hakuvuka mpaka. Hakutaja jina langu. Aliniuliza mimi, mwenye uwezo wa kuliondoa tatizo, na akaliweka swali mahali ambapo nisingeweza kulikimbia kwa neno "mwisho wa mwezi".

Wako wengine ambao subira yao hukatika kwa namna nyingine. Nimeshuhudia, katika kijiji kimoja barabara ya kwenda Mchinga, kijana akipanda juu ya nyumba asubuhi na kung'oa bati alizozipigilia mwenyewe, hali mama wa nyumba analia chini na watoto wamesimama na mito. Watu waligawanyika. Baadhi walisema, "Safi, achukue chake." Je, ni chake?

Hapa fiqhi yetu ina jambo ambalo wengi hawalijui. Iko mas-ala inayoitwa dhafar, yaani mwenye haki kukutana na mali ya mdaiwa wake aliyekataa kulipa. Nawawi huyo huyo katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa pwani nzima, anamruhusu mdai huyo kuchukua kiasi cha haki yake, hata ikibidi kuvunja mlango au kutoboa ukuta ikiwa hakuna njia nyingine ya kuifikia. Hoja mojawapo ni Hind mke wa Abu Sufyan, aliyeruhusiwa na Mtume (SAW) kuchukua katika mali ya mumewe bahili kinachomtosha yeye na mtoto wake kwa wema. Wengine wanaizuia kwa hadithi inayokataza kumfanyia hiyana aliyekufanyia hiyana. Nimesoma pande zote mbili, na rai yangu ni kuwa kijana wa bati alikosea. Bati hazikuwa zake. Chake ni ujira, na bati iliyong'olewa ina matundu, haimlipi hata nusu. Tena aliwaondolea kivuli watoto ambao hawakupatana naye kitu. Na kwa sheria za nchi yeye ndiye angeishia kituo cha polisi, na aliyemdhulumu angekuwa mlalamikaji. Lakini wanaomlaani kijana yule wakumbuke kuwa mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yao aliona kuwa mwenye kuzuia haki ya mtu anaweza kufikia kutobolewa ukuta. Dhambi ya kuzuia si ndogo kama tunavyoifanya.

Fundi wa geti na madirisha ana nafuu. Kazi anaifanya kwenye karakana yake, na wanazuoni wa Kihanafi wamesema wazi kuwa fundi ambaye kazi yake inaacha athari katika kitu, kama mshonaji na mpaka rangi wa nguo, anaweza kukizuia mpaka alipwe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania nayo inaitambua haki ya namna hiyo kwa aliyekabidhiwa kitu akakifanyia kazi. Usitoe geti kwa maneno. Lakini mwashi, mpiga lipu, mpauaji na mchimba karo hawana cha kuzuia. Hao ndio wanaohitaji karatasi.

Na hapa namgeukia fundi. Wengi wanadhani kwa kuwa hawakuandikishana hawana kesi. Si kweli. Kifungu cha 10 cha Sheria hiyo ya Mikataba, Sura ya 345, kinayatambua mapatano ya hiari baina ya watu wenye sifa kuwa ni mkataba, na mapatano ya mdomo yamo. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 kufungua shauri la mkataba. Mahakama ya Mwanzo inaendesha mambo yake kwa Kiswahili na mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Kuna ndugu wanaoniambia kuwa wanasubiri Mahakama ya Kadhi, hoja iliyojaza magazeti yetu miaka ya 2000. Ni hoja ya haki, lakini hata Zanzibar na Kenya ambako makadhi wanatambuliwa na dola, wao wanahukumu ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Deni la lipu halimo.

Ugumu ni ushahidi. Nani alisikia tukipatana laki tisa? Mimi, yeye, na kuku. Aya ile inaagiza kuwa anayedaiwa ndiye aimlishe, yaani maneno yatoke kinywani mwake, na mwandishi aandike. Hekima iko wazi: anayekiri dhidi ya nafsi yake hana pa kukimbilia. Na inatukataza kuchoka kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Ukurasa wa daftari la shule unatosha: kazi ni ipi, bei gani, italipwa kwa hatua zipi, sahihi mbili na mashahidi. Msingi ukiisha, fungu hili; renta, fungu hili; kupaua, fungu hili. Hatua haikulipwa, mwiko unawekwa chini. Tunaona haya, tunasema kuandikishana ni kutoaminiana. Aya haikuteremka kwa wezi, imeanza kwa kuwaita walioamini.

Kitu kimoja fundi asikiandike: faini ya kila mwezi wa kuchelewa. Hiyo ni riba. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, lilikubali sharti la fidia katika mikataba isipokuwa pale wajibu wa asili ni deni. Matokeo yake mkandarasi anayechelewesha kazi anaweza kutozwa, lakini mwenye nyumba anayechelewesha fedha hatozwi. Nakiri kuwa kwa muda mrefu niliona mizani hii imemwelemea mnyonge. Sasa nafahamu kuwa mlango wa riba ukifunguliwa kwa ajili ya fundi, atakayeingia mwanzo ni mkopeshaji, na fundi ndiye mteja wake.

Najua wenye nyumba watanijibu kuwa mafundi nao wana yao: anachukua kitangulizi anatokomea, saruji inapungua usiku, ukuta umepinda. Ni kweli, na ukuta uliopinda upimwe kwa timazi mbele ya fundi mwingine, thamani ya ubovu ipunguzwe. Lakini mbona ubovu hugunduliwa siku ya malipo?

Wako pia wasio nacho kweli. Msimu wa korosho wa 2018, Serikali iliponunua korosho kwa ahadi ya shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa, wakulima wengi wa Lindi na Mtwara walidaiwa na mafundi wakiwa hawana hata ya chumvi. Kwa hao iko aya ya 280, inayoamrisha kungoja mpaka wapate wepesi, na kusamehe ni bora zaidi. Lakini nani anaamua kuwa mtu ni fakiri? Mimi nilijihukumu kuwa sina, huku nimeshika simu mpya. Kaab bin Malik alipogombana na mdaiwa wake msikitini mpaka sauti zikapanda, Mtume (SAW) alimwashiria Kaab apunguze nusu, naye akakubali. Papo hapo mdaiwa akaamrishwa ainuke akalipe. Ombi la kupunguziwa halikutoka kwa mdaiwa. Nami nilikuwa nimeshapanga kumwomba mzee anipunguzie laki moja. Nikaliacha.

Jumamosi niliuza simu, nikaongeza na mshahara, nikapanda gari mpaka Kivinje. Nilimkuta barazani ananoa shoka. Nikamwamkia, akaitikia, akamwita mwanawe alete kiti. Nikampa fedha. Alizihesabu mara mbili, akatenga elfu sabini, akamwambia kijana azipeleke kwa saidia fundi wake, kwamba ni zile za kwa Maalim. Kumbe na yeye alikuwa akidaiwa kwa ajili yangu mwaka mzima. Kisha akatoa daftari la shule lililokunjwa, akafuta mstari wenye jina langu. Nilikuwa wa saba. Niliwahi kuona majina mawili ya juu, ya watu wanaoswali safu ya mbele, kabla hajalifunga.

Nikamwambia, "Mzee wangu, deni nimelipa, lakini kuchelewa kwangu ni dhuluma nyingine. Naomba unisamehe na hilo."

Akanitazama, akacheka kidogo.

"La kuchelewa, Maalim, nipe muda na mimi. Mwisho wa mwezi, Inshaallah."